Kweli au si kweli? Vipande vizuri na vyepesi vya piano kwa mtu mzima anayeanza

Mtu mzima wa Kibenga, hapa Bujumbura, akitamka tu kwamba anataka kujifunza piano, ushauri haukosi. Jirani atamwambia aanze na "Für Elise". Mwanakwaya mwenzake atamwambia aanze na nyimbo za kanisani, maana anazijua tayari. Muuza vinanda mjini atamwambia asijisumbue na kinanda kidogo. Na shangazi yake, kwa upole, atamuuliza kama umri haujampita.

Wote wana nia njema. Lakini ushauri wa namna hiyo ndio unaofanya kinanda kifunikwe kitambaa kabla mwaka haujaisha. Kipande kikimzidi mtu nguvu, hujiona hana kipaji. Kikiwa chepesi lakini hakina ladha, hapati sababu ya kukaa tena kwenye kiti kesho yake. Anayeanza ukubwani anahitaji wepesi na uzuri kwa pamoja, na vyote viwili vinapatikana, ila avitafute kwa kuangalia kazi ambayo mikono itafanya. Sifa za kipande peke yake hazimsaidii. Tuyapime basi maneno yanayosemwa, moja moja.

"Vipande vyepesi ni vya watoto, uzuri uko kwenye vigumu."

SI KWELI. Chukua Preludi ya C meja ya Johann Sebastian Bach, ile inayofungua kitabu chake cha mwaka 1722. Wakatoliki wengi wa Bujumbura wanaijua hata kama hawajui jina lake, kwa sababu ndiyo iliyo chini ya Ave Maria ya Charles Gounod inayoimbwa kwenye harusi. Gounod, Mfaransa wa karne ya 19, aliichukua preludi hiyo akaweka sauti ya kuimba juu yake.

Sasa tazama mikono inafanya nini. Kipimo cha kwanza, yaani kile kisehemu kilicho kati ya mistari miwili ya wima, kina noti tano tu. Mkono wa kushoto unapiga do na mi; wa kulia unaitikia sol-do-mi, sol-do-mi; kisha yote yanarudiwa vilevile. Kipimo cha pili ni do-re kushoto na la-re-fa kulia. Cha tatu ni si-re, halafu sol-re-fa. Cha nne kinakurudisha ulikoanzia. Noti zinafuatana kwa foleni, kwa hiyo mikono haigombani. Kati ya vipimo 35 vya kipande chote, 32 vina umbo hilohilo. Ukivimudu vinne vya kwanza tu, una muziki kamili unaoweza kumpigia mgeni, na hakuna atakayedhani umempigia kitu cha kitoto.

Hata vile vilivyoandikwa kwa ajili ya watoto havikuandikwa kwa mkono wa kulegea. Robert Schumann aliandika Albamu ya Vijana mwaka 1848, ikianza kama zawadi ya siku ya kuzaliwa ya binti yake Marie. Ina vipande 43, na cha kwanza, "Melodi", kwa sehemu kubwa ni sauti mbili tu zinazozungumza. Pyotr Tchaikovsky alitoa albamu yake ya vipande 24 mwaka 1878, mwaka uleule aliomaliza opera yake "Eugene Onegin". Ndani yake mna "Wimbo wa Kale wa Kifaransa", wenye huzuni ambayo mtu mzima aliyewahi kumsindikiza mpendwa wake kaburini ataielewa kuliko mtoto yeyote.

"Kila anayeanza huanza na Für Elise."

NUSU KWELI. Beethoven aliiandika mwaka 1810, na ilichapwa mwaka 1867, miaka 40 baada ya kifo chake. Mwanzo wake, ule ambao dunia nzima inaujua, unafaa kweli kwa anayeanza: noti ni chache, na mikono inapokezana badala ya kupigana.

Tatizo ni kwamba mwanzo huo si kipande kizima. Baada yake kuna sehemu mbili nyingine. Katika moja, mkono wa kulia unakimbia kwa noti ndogondogo. Katika nyingine, besi inarudiwarudiwa kwa nguvu huku akordi, yaani noti zinazopigwa pamoja, zikibadilika juu yake. Aliyefurahia ukurasa wa kwanza hugonga ukuta hapo, na hulaumu vidole vyake. Vidole havina kosa. Jifunze sehemu ya kwanza peke yake, uimalize vizuri, uihesabu kuwa kipande chako. Hizo nyingine zitakungoja.

"Kikiwa cha polepole, basi ni rahisi."

SI KWELI, na imani hii huwaumiza watu wazima zaidi ya nyingine zote, kwa sababu muziki wanaoupenda mara nyingi ni wa polepole.

"Gymnopédie" ya kwanza ya Erik Satie, ya mwaka 1888, inatembea taratibu sana. Lakini kipimo baada ya kipimo mkono wa kushoto unapiga noti ya chini kabisa, kisha unaruka juu kutafuta akordi, kisha unarudi chini. Utulivu huo unaosikika umejengwa juu ya mkono usiotulia. Sehemu ya kwanza ya sonata ya Beethoven inayoitwa ya Mbalamwezi, ya mwaka 1801, nayo ni ya polepole. Ina alama nne za kupandisha noti tangu mstari wa kwanza, na mkono mmoja wa kulia unabeba mambo mawili: noti tatu tatu zinazozunguka bila kukoma, na juu yake wimbo unaopigwa na kidole cha mwisho, kilicho dhaifu kuliko vyote.

Linganisha na "Arabesque" ya Friedrich Burgmüller, kutoka mkusanyiko wake wa mazoezi 25 mepesi. Inasikika kama inaruka kwa kasi, lakini mkono wa kulia unaanza la-si-do-si-la, vidole vitano vikiwa juu ya vibonyezo vitano, bila kuhama. Kasi huja yenyewe mkono ukishazoea njia, na hata ukiipiga kwa nusu ya kasi inapendeza.

Kwa hiyo, kabla ya kukubali kipande chochote, weka karatasi mbele yako ujiulize mambo matatu. Mikono inaruka mara ngapi? Noti ngapi zinapigwa kwa wakati mmoja? Je, umbo la kipimo cha kwanza linarudi tena baadaye? Kipande chenye miruko michache, noti chache kwa pamoja na umbo linalojirudia ni chepesi, hata kama mtungaji wake ni Bach.

"Nyimbo za kanisani ndizo rahisi za kuanzia, kwa sababu unazijua."

SI KWELI, ukizichukua kama zilivyochapwa. Kuzijua kunasaidia sikio, lakini mikono ina habari nyingine. Wimbo wa kitabuni umeandikwa kwa sauti nne: ya kwanza, ya pili, ya tatu na besi. Kwenye piano, mkono mmoja unabeba sauti mbili na mwingine mbili, na karibu kila silabi akordi inabadilika. Mstari mmoja wenye silabi nane unaweza kukudai akordi nane mfululizo, kila moja ikiwa na umbo lake. Hiyo ni kazi nzito kuliko Preludi ya Bach, ambayo inakupa kipimo kizima cha kukaa na akordi moja.

Hata hivyo, usiuache wimbo unaoupenda. Upunguze. Mkono wa kulia upige sauti ya kwanza peke yake, na wa kushoto upige besi peke yake. Sauti hizo mbili za pembeni ndizo zinazobeba wimbo, na zikipigwa safi hutosha kuongoza watu kuimba. Ukishazimudu, ongeza sauti ya pili pale tu wimbo unapotua mwishoni mwa mstari. Anayefanya hivi kwa wimbo mmoja atashangaa jinsi unaofuata unavyomjia upesi.

"Aliyezoea do-re-mi ya kwaya anaweza kusoma noti za piano."

NUSU KWELI, na hapa Bujumbura jambo hili lina mtego wake. Shule zetu zinafundisha kwa Kifaransa, na katika mafunzo ya Kifaransa do ni kibonyezo kimoja kisichohama, kile ambacho Waingereza na Watanzania wanakiita C. Lakini karatasi za kwaya zinazotoka Tanzania na Kenya hutumia solfa, ambamo do inahama kufuatana na ufunguo. Ukiona juu ya karatasi pameandikwa "Do = G", maana yake do-re-mi ya wimbo huo itapigwa kwenye vibonyezo ambavyo mwalimu wako wa Kifaransa anaviita sol-la-si.

Wengi wamekwama hapa wakidhani hawana sikio, kumbe wanatumia ramani mbili kwa wakati mmoja. Dawa ni kuamua mapema: kwa piano, tumia do isiyohama. Ile ya kwaya usiitupe. Sikio lililofundishwa na solfa linajua noti inataka kwenda wapi kabla kidole hakijafika, na huo ni utajiri ambao watu wengi wanaoanza piano kwingineko duniani hawana.

"Bila vibonyezo 88 huwezi kupiga muziki wa kweli."

SI KWELI. Kitabu kile cha Bach cha mwaka 1722 chote kinaenea ndani ya oktava nne. Kinanda cha kawaida cha vibonyezo 61 kina oktava tano. Yaani kinanda kilichopo sebuleni mwako kina nafasi kubwa kuliko aliyoihitaji Bach kwa preludi na fuga 24 zilizomo humo.

Cha kuangalia unaponunua ni kingine kabisa. Kwanza, bonyeza kibonyezo kimoja kwa upole, kisha kwa nguvu. Sauti isipobadilika, kiache dukani, kwa sababu uzuri wa kipande chepesi unategemea tofauti ya laini na nguvu kuliko kitu kingine chochote. Pili, tafuta tundu la pedali nyuma yake. Preludi ya Bach inaweza kuishi bila pedali, Satie hawezi. Tatu, uliza kama kinatumia betri. Vinanda vingi vidogo vya Yamaha na Casio hukubali betri za kawaida, na umeme wa Regideso ukikatika jioni, saa pekee uliyonayo baada ya kazi, betri hizo ndizo zinazookoa zoezi la siku.

"Vitabu vya noti ni ghali, na hapa havipatikani."

SI KWELI. Bach, Schumann, Tchaikovsky, Burgmüller na Satie wamekufa zamani, na kazi zao hazina tena mwenye kuzidai. Maktaba ya mtandaoni ya IMSLP, iliyoanza mwaka 2006, inazitoa bure katika matoleo ya zamani yaliyochapwa vizuri. Pakua mara moja kwenye simu, kisha peleka kwenye duka la fotokopi. Kurasa mbili za karatasi zinatosha kwa wiki nyingi. Usisomee kwenye skrini ya simu; noti ni ndogo, na huwezi kuandika namba za vidole juu yake kwa penseli.

"Ile Menueti ya G meja, ya kuanzia, ni ya Bach."

SI KWELI, lakini ipige. Kwa muda mrefu ilichapwa kwa jina la Bach kwa sababu imo katika daftari la muziki la mke wake, Anna Magdalena, la mwaka 1725. Katika miaka ya 1970 wataalamu walionyesha kwamba mtungaji ni Christian Petzold, mpiga ogani wa Dresden, ambaye watu wachache wanamkumbuka. Ni kipande cha sauti mbili kwa sehemu kubwa, mkono wa kulia ukiimba na wa kushoto ukitembea chini yake, na watu wameipenda kwa muda mrefu wakiwa na jina lisilo sahihi juu ya ukurasa. Jina la mtungaji halimwambii anayeanza chochote kuhusu wepesi wala uzuri. Sikiliza kwanza, tazama mikono, ndipo uangalie jina.

"Piano ni muziki wa Wazungu, sisi hatumo."

SI KWELI. Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou, aliyezaliwa Addis Ababa mwaka 1923 akawa mtawa, alitunga na kurekodi vipande vya piano ambamo nyimbo za kale za kanisa la Ethiopia na mafunzo yake ya Ulaya vinatiririka pamoja. Rekodi yake ya kwanza ilitoka katika miaka ya 1960, na alifariki Jerusalem mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 99. Msikilize usiku mmoja, hata kabla hujajua kupiga chochote. Atakufundisha kwamba noti chache zikiachiwa nafasi zinasema mengi. Kutoka Ghana, J. H. Kwabena Nketia alichapisha mwaka 1994 vipande 12 vya kufundishia vilivyojengwa juu ya midundo ya kwao. Si vyote ni vya mwezi wa kwanza, lakini mtu aliyekulia kwenye ngoma atauona mdundo wake upesi kuliko mgeni.

Na Murundi ana mlango wake mwenyewe. Katika inanga, nyuzi zinarudia mzunguko mmoja huku msimulizi akinong'ona maneno juu yake. Katika ikembe, vidole gumba viwili vinapokezana na kusuka mzunguko usiokatika. Kazi hiyo, mzunguko chini na usemi juu, ndiyo kazi ya piano ya anayeanza. Mkono wa kushoto unarudia umbo lake bila kuchoka. Wa kulia unasema. Aliyekua akisikia inanga ameshaizoea kazi hiyo kwa masikio kabla hajagusa kibonyezo cha kwanza.

"Umri umekupita."

SI KWELI. Jirani zetu wa Kongo wamelijibu hili mbele ya dunia. Mwaka 1994 mjini Kinshasa, Armand Diangienda, aliyekuwa rubani wa ndege, alianzisha okestra ya Kanisa la Kimbangu. Wapigaji wake wengi walikuwa watu wazima wenye kazi zao za mchana, na walijifunza vyombo vyao pamoja, jioni baada ya jioni, wakivigawana. Filamu ya mwaka 2010 iitwayo "Kinshasa Symphony" iliwaonyesha wakiandaa Simfoni ya Tisa ya Beethoven.

Na tazama bahati hii: wimbo mkuu wa simfoni hiyo, ule wa furaha, unaenea karibu wote ndani ya noti tano, do-re-mi-fa-sol. Weka vidole vitano vya mkono wa kulia juu ya vibonyezo vitano vyeupe kuanzia do, na unaweza kuupiga leo. Ni noti moja tu, sol ya chini mwishoni mwa mstari wa tatu, inayouhamisha mkono. Beethoven aliuweka wimbo huo katika simfoni kubwa kuliko zote alizoandika, mwaka 1824, na aliutaka uwe hivyo, mwepesi wa kuimbwa na kila mtu.

Kinachompungukia mtu mzima ni muda, na muda una utaratibu wake. Dakika ishirini kila jioni zinafaa kuliko saa tatu za Jumamosi, kwa sababu vidole hushika kinachorudiwa karibu karibu. Ana faida pia ambayo mtoto hana: anajua anachokipenda, na anaelewa akielezwa kwa nini kipimo cha tano kinafanana na cha kwanza.

"Bora kimoja kifupi ulichokimaliza kuliko kirefu ulichokiacha njiani."

KWELI, kabisa. Mwanzo wa kipande hujifunzwa kwa hamu. Mwisho wake hujifunzwa kwa uvumilivu, na ni mwisho unaomfanya mtu awe mpigaji. Preludi ya Chopin ya A meja, namba 7 katika mkusanyiko wake uliochapwa mwaka 1839, ina vipimo 16 tu. Ina akordi moja pana inayosumbua mkono mdogo. Vunja noti zake uzipige moja baada ya nyingine, na kipande kinabaki na uzuri wake. Ukikimaliza, umemaliza kazi halisi ya Chopin, bila kupunguziwa ukurasa.

Kwa mwaka wa kwanza, basi, fuata mpangilio huu. Anza na wimbo wa furaha wa Beethoven kwa vidole vitano, halafu uongeze besi. Fuata na wimbo mmoja wa kanisani unaoupenda, sauti mbili za pembeni tu. Kisha "Melodi" ya Schumann, Menueti ya Petzold na "Wimbo wa Kale wa Kifaransa" wa Tchaikovsky. Preludi ya Bach iende sambamba na vyote hivyo, vipimo vinne vinne, mpaka vyote 35 viwe vyako. Chopin aje mwishoni. Kila kimoja kipigie watu wa nyumbani kabla hujaanza kingine, hata kama ni watu wawili, kwa sababu muziki uliosikilizwa na mtu ndio unaokaa mikononi.

Na yeyote atakayekuambia hivyo ni vya wanaoanza tu, mwalike akae akusikilize mpaka mwisho.